Wamemnyoosha

Dakika ya tisa wakamnyoosha mguu.
Nilitazama saa; mimi ni mtu wa kutazama saa.
Mashine yenye mwanga wa buluu, daktari mwenye miwani,
kelele kidogo, na Nang Dagum, mshonaji wa Molo,
akainuka kitandani akatembea kama watu wengine.
Ukumbi ukapiga makofi.
Dada yangu Purita, kwenye kiti cha pembeni,
kile anachokichagua siku zote ili chuma chake kipate pa kunyooka,
aliendelea kula bisi.

Sharti niseme Nang Dagum alikuwa nani,
maana aliyemjulia humu hakumjua.
Alikuja kila Alhamisi, kwa wino mweusi mtupu,
kurasa kumi na sita zilizotoa rangi vidoleni.
Mzee Eustaquio alizitundika katuni kwenye waya kwa vibanio vya nguo
mbele ya duka lake la chumvi na mafuta ya taa.
Kwa sentimo tano unasoma hapo hapo, kwenye benchi.
Ruhusa ya kwenda nayo nyumbani, hakuna.
Ruhusa ya kulamba kidole kabla ya kufunua, hakuna.
Purita alikuwa na miaka minane, polio imekwisha kumpitia.
Alisoma polepole makusudi, sentimo zake zisiende bure.

Nang Dagum hakuruka. Hakuwa na silaha.
Alishona.
Tuta la mto likipasuka, alilishona.
Paa likichukuliwa na tufani, alilifuata,
akalirudisha mshono kwa mshono, wenye nyumba wakiwa bado wamelala.
Na Bwana Kutu, aliyekula madaraja usiku,
hakumuua hata siku moja: alimtia viraka
mpaka akaona haya akaondoka.
Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi, umefungwa chuma,
na kabla hujamwona ulimsikia:
TOK, herufi ndefu kuliko nyumba,
TOK, zikivuka mstari wa picha,
TOK, wezi wakidondosha magunia.
Hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake, jamani.
Kwamba anakuja, na msikieni.

Sasa anapaa. Ana mchumba aliyeuawa, na kisasi.
Sindano imekuwa mkuki wa moto.
Na Tuto, yule mvulana wa kigugumizi
aliyehitaji picha tatu kulisema neno "mafuriko",
nasi benchi zima tukangoja naye, pasiwe na wa kummalizia,
Tuto siku hizi mdomo wake ni cherehani isiyo na uzi:
mzaha, mzaha, mzaha,
na nguo haionekani.

Bwana Kutu anakufa. Mara mbili.

Sikudai wanakili kila picha.
Mchoraji mwenyewe alikuwa akisahau chuma kiko mguu gani;
kuna Alhamisi kilihamia kulia, Purita akakasirika wiki nzima.
Lakini kusahau ni kitu kimoja.
Hawa walikaa mezani, wakaagiza kahawa,
wakauangalia ule mguu wakasema: tatizo ni hili.

"Tuondoke," nikamnong'oneza.
"Nimelipa," akasema Purita.

Tulibaki hadi majina ya mafundi wa taa.

Nje, ngazi ya umeme ilikuwa imezimika,
watu wameduwaa juu yake
kana kwamba wamesahau ngazi hutumiwaje.
Purita akashika ukuta.
Tok.
Mtoto mmoja mwenye kinyago kipya cha Nang Dagum,
plastiki tupu, pua si yake, akageuka.
Tok.
Akakivua apate kuona vizuri.
Dada yangu hakumwona. Alikuwa akihesabu vidato
na kunung'unika juu ya bei ya bisi,
peso mia na ishirini, na nusu yake ni hewa,
tok, hata chumvi hawakutia,
tok,
na watu wakimpisha.